Droni ya Harusi na Ndege za Wilson

Ukipata nafasi leo, tafuta ramani ya Nairobi na bikari ya mtoto anayesoma hesabu. Weka ncha ya bikari katikati ya Uwanja wa Ndege wa Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata, uchore duara linalofika kilomita 10 kila upande. Sogea hadi Embakasi, uchore la pili ukianzia uwanja wa Jomo Kenyatta, JKIA. La tatu lianzie kambi ya wanahewa ya Moi, Eastleigh. Kisha tazama ni wapi penseli haikufika.

Westlands imo. Kilimani imo, Kibera imo, South B na South C zimo, Kasarani imo. Donholm, maskini, imekaa ndani ya maduara yote matatu. Kutoka jumba la KICC hadi Wilson, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 4 tu, kwa hiyo katikati ya jiji hata hapana haja ya kuuliza. Ukitaka kutoka nje kabisa, itakubidi ufuate Thika Road hadi ufike Kahawa, au uende Karen ndani kabisa, kule inakoanza kunukia Ngong.

Hizo kilomita 10 si zangu. Zimo katika kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Zinasema usirushe droni ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege, wala ndani ya kilomita 7 za uwanja mdogo, mpaka uwe na idhini. Tulikuwa na kanuni nyingine za mwaka 2017, Bunge likazifuta, tukarudi mwanzo. Za 2020 ndizo tulizo nazo. Maana yake, kwa lugha ya mtaani, ni kwamba karibu jiji zima la Nairobi ni mahali pa kuomba ruhusa kwanza.

Na bado kila Jumamosi, ukipita kwenye bustani za harusi kule Lang'ata na Karen, utaisikia sauti yake kabla hujaiona. Kama nyuki aliyekasirika. Bibi harusi anatazama juu, mpambe anashika shela isipeperuke, na pembeni yuko kijana aliyeinamia rimoti, simu imepachikwa juu yake, shingo imepinda. Huyo kijana ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo, pamoja na yule anayemlipa.

Ameniandikia mmoja wao. Anafanya kazi ya picha, na barua yake ina hoja ambayo sikuweza kuipuuza. Anasema hivi: pale Upper Hill kuna Britam Tower, jengo la mita 200 kwenda juu, na liko chini ya kilomita 3 kutoka Wilson. Limesimama hapo usiku na mchana, na hakuna ndege iliyoligonga. Mimi droni yangu naipandisha mita 40 juu ya keki, ninaambiwa nahatarisha maisha ya watu. Kwa hesabu gani?

Ni swali zuri, na jibu lake linahitaji kwanza tujue ndege hutua vipi.

Ndege ya abiria inayokuja kutua JKIA haiporomoki. Inafuata mteremko wa nyuzi 3 hivi, mteremko wa pole sana. Ikiwa kilomita 10 kabla ya njia ya kutulia, iko juu kwa zaidi ya mita 500. Kwenye kilomita 5, imeshuka hadi mita 280 hivi. Kwenye kilomita 2, iko mita 120. Shika hiyo namba. Mita 120, yaani futi 400, ndicho kimo cha juu kabisa ambacho sheria zetu, na za Uingereza, na za Marekani, zinamruhusu mrusha droni wa kawaida kufika. Kimo hicho kilichaguliwa ili droni ibaki chini ya ndege zinazosafiri, ambazo kwa kawaida hazitakiwi kushuka chini ya futi 500 juu ya ardhi. Pengo la futi 100 likaachwa katikati, kama mita 30. Karibu na uwanja wa ndege pengo hilo halipo tena. Mteremko wa ndege na paa la droni hukutana kilomita 2 kabla ya lami, na kutoka hapo ndege ndiyo inayoingia katika anga ya droni.

Ongeza kasi. Ndege kubwa inayotua huenda mita 70 hivi kwa kila sekunde, na hapa kwetu huenda zaidi kidogo, kwa sababu Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Droni ya picha ni kitu cha upana wa sahani, rangi ya kijivu, dhidi ya mabati ya mtaa. Hata rubani akiiona kutoka mita 300, ana sekunde 4. Katika sekunde hizo ana vyombo vya kusoma, mnara wa kuongozea ndege unazungumza masikioni mwake, na ndege yenyewe imetoa magurudumu na haiko katika hali ya kukata kona.

Sasa Britam Tower. Jengo hilo rubani analijua hata kabla hajaondoka nyumbani. Limechorwa kwenye ramani za marubani, lina taa nyekundu juu, na njia za kuingia na kutoka Wilson zimepangwa kwa kulizingatia. Kubwa kuliko yote, kesho asubuhi litakuwa pale pale lilipokuwa leo. Droni yako haiko kwenye ramani ya mtu yeyote. Ilikuwa juu ya keki dakika moja iliyopita; sasa iko juu ya msafara wa magari; upepo ukivuma kutoka upande wa mbuga, hujui itakuwa wapi.

Hilo la kutojua itakuwa wapi nataka nilikalie kidogo, kwa sababu wengi wanaorusha wanaamini kwamba wanajua. Kuna mambo mawili ndani ya kifaa chenyewe ambayo wauzaji hawakazanii kuyaeleza.

La kwanza ni kimo kinachoonekana kwenye skrini. Droni nyingi za picha hupima kimo kuanzia mahali zilipopaa, wala si kutoka ardhi iliyo chini yake kwa wakati huo. Ukiipaisha kutoka kwenye paa la ghorofa ya 20 kule Upper Hill, paa hilo kwake ni sifuri. Skrini ikikuandikia mita 100, mtu aliye barabarani anaiona kwenye mita 160 au zaidi. Unaweza kuvunja sheria huku skrini ikikusifu. Na mtindo wa siku hizi ni sherehe za paani, watu wako juu ya jengo na mandhari ya jiji nyuma yao, kwa hiyo jambo hili si la kufikirika.

La pili ni kile kinachotokea mawasiliano yakikatika. Rimoti na droni huzungumza kwa redio, na jijini kuna kuta, vioo, minara ya simu na vifaa vya kila aina vinavyopiga kelele kwenye masafa hayo hayo. Mawasiliano yakipotea, droni haianguki. Imefundishwa kujirudisha nyumbani. Na ili isigonge mti au nguzo ikirudi, kwanza hupanda hadi kimo kilichowekwa ndani yake, kisha hunyoosha njia kuelekea ilikopaa. Kijana wetu aliyekuwa anapiga picha kwa mita 40 za heshima anaweza kuiona droni yake ikipanda hadi mita 100 bila yeye kugusa kitu, na kukata juu ya chochote kilicho katikati. Kwenye shamba lililo mbali na viwanja vya ndege hilo halina neno. Kandokando ya Wilson, ambako ndege ndogo na helikopta huingia na kutoka kutwa nzima, ni habari nyingine.

Halafu kuna ile imani kwamba kama droni imekubali kuruka, basi mahali hapo panaruhusiwa. Imani hiyo ilikuwa na chanzo chake. Kampuni ya DJI ya China, ambayo droni zake ndizo nyingi zaidi sokoni, kwa miaka mingi iliweka uzio ndani ya programu: ukiwa karibu na uwanja mkubwa, mota hazizunguki. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilianza kuuondoa uzio huo Ulaya, na Januari 2025 ikafanya hivyo Marekani, ikaweka onyo la maandishi badala yake. Hoja yao ni kwamba jukumu ni la anayerusha. Wanayo haki ya kusema hivyo, lakini funzo kwetu ni jepesi: kifaa hakijui sheria za Kenya, na hakikuahidi kuzijua.

Je, droni na ndege zimewahi kugongana kweli? Ndiyo, na nitakupa visa viwili vya mwaka mmoja.

Tarehe 21 Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk ilikuwa ikiruka karibu na Staten Island, New York. Iligongana na droni ya picha. Panga moja la helikopta liliumia, na vipande vya droni, pamoja na mota yake, vikabaki ndani ya helikopta. Wachunguzi walimpata mwenyewe kupitia namba iliyokuwa kwenye mota hiyo. Alikuwa umbali wa kilomita 4 hivi kutoka mahali pa ajali, na alikuwa ameiacha droni itoke machoni pake zamani. Hakujua kwamba imegonga kitu. Alidhani imeanguka majini. Ndiyo maana kanuni karibu zote duniani, zetu zikiwemo, hudai kwamba anayerusha aione droni yake kwa macho yake muda wote, na kuitazama kwenye skrini hakuhesabiwi.

Cha pili ni Quebec, Kanada, Oktoba 12 ya mwaka huo huo. Ndege ndogo ya abiria yenye watu 8 ilikuwa inajiandaa kutua, ikagongwa na droni kwenye bawa la kushoto. Ilitua salama, bawa likiwa na mikwaruzo. Droni hiyo ilikuwa kwenye mita 450 hivi, wakati sheria ya Kanada siku hizo ilikuwa mita 90. Hapo mtu anaweza kusema: tazama, ilipona! Ni kweli ilipona. Lakini majaribio yaliyofanywa na vyuo vikuu vya Marekani kwa niaba ya mamlaka ya anga ya huko, na kutolewa mwaka huo huo, yalionyesha kwamba droni huumiza ndege kuliko anavyoumiza ndege wa manyoya wa uzito ule ule. Korongo ana nyama na mifupa yenye uwazi. Droni ina mota za chuma, kamera na betri ngumu. Marubani wa Nairobi wanawajua makorongo vizuri, tangu zamani, na hawahitaji kuongezewa korongo wa chuma.

Kwa hiyo hoja ya usalama mimi naikubali yote. Na hata bila droni, anga ya Wilson imejaa. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki. Ile ya abiria iligeuza ikarudi Wilson salama. Pande zote mbili zilikuwa na marubani, redio na mnara. Pale pale Wilson ndipo kituo cha madaktari wa ndege wa Amref, ambao wanaweza kuitwa saa yoyote kumfuata mgonjwa Lodwar au Wajir. Ndege hiyo haina ratiba unayoweza kuikwepa.

Ninapotofautiana na kanuni zetu ni kwenye umbo la duara.

Duara ni rahisi kuliandika. Unataja uwanja, unataja kilomita, umemaliza. Lakini ndege haziji kutoka kila upande. Zinakuja kwa mstari wa njia ya kutulia na kuondoka kwa mstari huo huo, upande huu na upande ule. Mtu aliye kilomita 8 kutoka JKIA, ubavuni kabisa mwa njia hiyo, hayuko katika hatari ile ile na mtu aliye kilomita 3 kutoka mwisho wa lami, chini ya matumbo ya ndege. Duara linawaweka kwenye chungu kimoja.

Waingereza walilijifunza hili kwa gharama. Usiku wa Desemba 19, 2018, watu wa uwanja wa Gatwick, kusini mwa London, waliripoti kuona droni karibu na njia ya ndege. Uwanja ukafungwa. Ukafunguliwa, ukafungwa tena, kwa zaidi ya saa 30, siku chache kabla ya Krismasi. Safari 1,000 hivi zikavurugika, abiria wapatao 140,000 wakakwama. Jeshi likaitwa. Mume na mke wa eneo hilo wakakamatwa, majina na picha zao zikatangazwa na magazeti, kisha wakaachiliwa bila shtaka. Baadaye polisi waliwalipa fidia na gharama za sheria, jumla pauni 200,000. Hadi leo hakuna aliyeshtakiwa, wala haijapatikana droni iliyothibitika kuhusika. Kisa chenyewe kinanistaajabisha hadi leo: kiwanja kizima kilifungwa kwa yale ambayo watu walisema wameyaona. Ndiyo hatari nyingine ya droni karibu na uwanja, ambayo haihitaji hata igonge. Ikishaonekana, au ikidhaniwa imeonekana, msimamizi wa mnara hana la kufanya ila kusimamisha ndege, na zile zilizoko angani zinachoma mafuta zikizunguka.

Kabla ya hapo, marufuku ya Uingereza ilikuwa kilomita 1 tu kutoka mpaka wa uwanja. Machi 13, 2019 walibadilisha. Wakachora duara la kilomita 4 hivi kuzunguka uwanja, na juu yake wakaongeza vipande vya mstatili, urefu wa kilomita 5 na upana wa kilomita 1, vinavyoanzia miisho ya njia za ndege. Ukiitazama kwenye ramani ni duara lenye masikio. Masikio hayo ndiyo yenye akili, kwa maoni yangu. Yanakwenda ndege zinakokwenda.

Wamarekani nao wamepita njia nyingine. Karibu na viwanja vyao, anga imegawanywa kwa miraba midogo, na kila mraba una kimo chake. Mwishoni mwa lami ni sifuri, hairuki hata kunguru wa plastiki. Ukisogea unapata futi 50, futi 100, futi 200, mpaka unafika 400 kamili. Mrushaji anafungua programu kwenye simu, anaonyesha mahali, saa na kimo, na kama yuko ndani ya kile kilichowekwa kwenye mraba wake, idhini inarudi kwa sekunde chache. Mnara unajua yuko nani, wapi, mpaka saa ngapi. Akitaka kimo zaidi, hapo ndipo binadamu anaketi kuangalia ombi lake.

Nairobi, kinyume chake, bado mtu wa harusi ya Jumamosi anatakiwa kuanza mapema sana. Droni lazima isajiliwe, na mmiliki awe ametimiza miaka 18. Anayeirusha kwa biashara anahitaji leseni, na kampuni yake inahitaji cheti. Kuiingiza nchini kunahitaji kibali kabla haijafika. Mgeni anayeshuka JKIA akiwa nayo kwenye begi bila kibali huiacha forodhani. Usiku kuna ruhusa yake, mbugani kuna Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na yote hayo hayakuondolei wajibu wa kukaa mita 50 kutoka kwa watu na majengo ambayo si sehemu ya shughuli yako. Hata ile ndogo ya gramu 249, ambayo watu hununua wakiamini kwamba ni mchezo wa watoto, uzito wake mdogo haufungui mlango wa duara. Malalamiko ninayoyasikia kwa wapiga picha si kwamba masharti ni mabaya. Ni kwamba kibali hakiendi kwa kasi ya kazi yao. Mteja anakuja wiki mbili kabla ya harusi, analipa nusu, na mahali penyewe panabadilishwa Alhamisi kwa sababu shangazi amepata bustani iliyo nafuu.

Kinachofuata sote tunakijua. Anarusha tu. Anarusha kwa haraka, dakika 6, anashusha, anaficha kwenye buti la gari. Na huyu anayejificha ndiye hatari zaidi, kwa sababu hakumwambia mtu, hakutazama ndege zinatokea upande gani siku hiyo, na akiona helikopta inakuja hawezi kupiga simu mnarani kusema niko hapa. Sheria ngumu kufuatwa hutuletea mrushaji asiyeonekana, na kwangu mimi huyo ni mbaya kuliko watatu wenye vibali.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na mtu wa usafiri wa ndege angelinirushia papo hapo. Angesema: hiyo miraba na masikio yako yanafaa JKIA, kwenye ndege kubwa zinazofuata mstari. Wilson ni soko. Helikopta hazifuati mstari wa lami. Zinapaa na kukata kuelekea Kilimani, Westlands, Runda, popote palipo na uwanja wa shule au mazishi ya mtu mkubwa. Hata masikio hayatakusaidia.

Ni kweli. Nairobi ina helikopta nyingi zinazokwenda chini, na msimu wa siasa ukifika, zinaongezeka kama kumbikumbi. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini miraba ya karibu na Wilson iwe na vimo vya chini, mita 30 labda, hata mita 15. Haielezi kwa nini mtu wa Kasarani anayetaka kupima shamba, kukagua paa la kiwanda, au kupiga picha za mjengo, asipate jibu kwa simu jioni hiyo hiyo. Mita 30 ni chini ya ghorofa nyingi za Kilimani. Helikopta inayopita chini ya hapo ina matatizo makubwa kuliko droni.

Na tusijidanganye kwamba Afrika haiwezi kazi hii. Tangu Oktoba 2016, Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za Zipline, zikipaa kutoka Muhanga, katika anga ile ile inayotumiwa na ndege nyingine, kwa mpango na waongozaji wa ndege. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, ilichora ramani ya visiwa vyake kwa droni, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa ndio waliokuwa wakizirusha. Dar es Salaam, mitaa inayofurika kama Tandale ilichorwa kwa njia hiyo hiyo katika mradi wa Ramani Huria. Huo ni mji wenye uwanja mkubwa wa kimataifa ndani yake.

Sasa nirudi kwa yule kijana aliyeniandikia, na kwa kamati ya harusi inayomlipa, kwa maana mara nyingi lawama zote hubebeshwa aliyeshika rimoti, na walioidai picha ya juu wanakula pilau.

Kijana, mpaka kanuni zibadilike, duara ni duara. Kama kazi iko ndani yake, omba idhini siku unapopokea malipo ya kwanza, na mwandikie mteja kwamba picha za angani zitategemea jibu. Siku yenyewe, fika mapema usimame kimya robo saa ukiangalia ndege zinapita upande gani. Pandisha kutoka ardhini, si kutoka paani. Kabla hujapaa, ingia kwenye mipangilio uangalie kimo cha kujirudisha nyumbani, ukishushe kiwe juu kidogo tu ya mti mrefu zaidi uliopo. Weka mtu pembeni yako ambaye kazi yake ni kutazama juu na kusikiliza, awe hana simu mkononi. Ukisikia helikopta, shusha, usingoje uione.

Na wewe mwanakamati, unapomwita mpiga picha kujadili bei, muulize mambo matatu kabla ya kuuliza albamu ni kurasa ngapi: namba ya usajili ya droni, leseni yake, na kibali chenye jina la mahali na tarehe ya harusi yenu. Akikuambia kibali kiko njiani, mlipie picha za chini. Hizo nyingine mtazilipia kibali kikifika.